Fukua Kwanza: Kutafuta Ugonjwa wa Mmea Mizizini

Masika ilikuwa imeshika, mvua ya siku ya tatu bila kupusa, jirani yangu mzee wa huku Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, aliponiita nikaone mipapai yake. Majani yalikuwa yamelegea, yananing'inia kama nguo iliyoanuliwa nusu. Yeye mwenyewe alikuwa na ndoo mkononi.

"Mwanangu, ina kiu hii. Nisaidie kuteka maji."

"Hapana baba, weka ndoo chini kwanza. Nipe jembe."

Miguu yetu ilikuwa topeni mpaka vifundoni. Nikafukua kando ya mpapai mmoja, shibiri moja tu, nikaushika mzizi kwa vidole viwili na kuuvuta. Ngozi yake ikachomoka yote kama soksi, nikabaki na uzi mwembamba wa katikati. Shimo likatoa harufu ya yai viza. Mipapai ile ilikuwa imejaa maji mpaka kooni na bado ilikuwa inakufa kwa kiu, kwa sababu vinywa vyake vilikuwa vimekwisha kuoza.

Nina kitalu cha miche, na karibu kila siku mtu huniletea jani. Jani la manjano, jani lililojikunja, jani lenye ncha iliyoungua. Hakuna anayeniletea mzizi. Lakini jani hulalamika kwa sauti moja kwa maradhi mengi, na dawa ya ugonjwa mmoja ndiyo sumu ya mwingine. Ndiyo maana naomba, kabla hujatia maji wala mbolea, ufukue.

Mzizi mzima unafananaje

Humjui mgonjwa kama hukuwahi kumwona akiwa mzima. Basi chagua mmea ulio salama, ufukue chini ya ukingo wa kivuli chake, si penye shina. Toa udongo kwa vidole au kijiti. Mizizi myembamba iliyo hai ni myeupe au ina rangi ya malai, ukiibana haipondeki, na hunuka udongo mbichi tu. Ile minene ni ya kahawia kwa nje, na hilo si kosa. Ikwaruze kwa ukucha, ndani utakuta weupe. Ukimaliza fukia, tia maji kidogo. Mmea haufi kwa kupoteza nyuzi tatu.

Ncha ya mzizi imevaa kofia ngumu kidogo inayoukinga unapojipenyeza kati ya chembe za mchanga. Nyuma ya kofia ndipo mzizi unaporefuka, na nyuma yake tena pana vinyweleo vilaini, kila kimoja ni seli moja iliyojinyoosha. Hivyo ndivyo vinavyonywa. Huishi siku chache, pengine wiki chache, kisha kipande kile hukomaa na kubaki na kazi ya kupitisha maji na kuushikilia mmea. Kwa hiyo mzizi ulioacha kukua unaelekea kuacha kunywa. Mwaka 1937 mtafiti wa Marekani, Howard Dittmer, alihesabu mizizi ya mmea mmoja wa nafaka ya rai uliokuzwa sandukuni miezi minne: urefu wa mizizi ulizidi kilomita 600, na vinyweleo vilikaribia bilioni 14. Mmea mmoja! Ukiung'oa mche kwa kuuvuta shina, ile mizizi unayoiona mkononi ni mabaki tu, kazi yenyewe imebaki ardhini.

Shika mambo mawili hapa, maana nitayarudia. La kwanza, maji huingia mzizini kwa sababu utomvu wa ndani una chumvi na sukari nyingi kuliko maji ya udongoni. Maji hufuata palipokolea. Wataalamu huita osmosi. La pili, madini hayaingii hivihivi. Mzizi hutumia nguvu kuyavuta, nguvu hiyo hutoka kwenye sukari iliyotengenezwa na majani, na sukari haichomeki bila oksijeni. Mzizi unapumua. Hewa yake ni ile iliyomo katika vitundu vya udongo.

Kuhusu aina zake, huku pwani tunazo karibu zote mlangoni. Mwembe, mkorosho na mkwaju zina mzizi mkuu uliozama, wenye matawi. Mahindi, nyasi na mnazi zina mizizi nyuzi. Mnazi hauna mzizi mkuu hata kidogo. Una maelfu ya mizizi ya unene wa kalamu inayotoka kitakoni mwa shina, haina vinyweleo, na ikishafikia unene wake hainenepi tena. Mgomba huotesha mizizi kutoka kwenye tunguu. Muhogo, kiazi kitamu na karoti huweka akiba mizizini. Na mikoko, hiyo ina mizizi ya kupumulia, nitaifikia mwisho.

Majani yamelegea, udongo umelowa

Hii ndiyo ya mipapai ya mzee. Maji yakijaa vitundu vyote vya udongo, hewa hufukuzika, mzizi hukosa pumzi, hudhoofika, na hapo vimelea vya kuozesha, ambavyo mbegu zake huogelea kabisa ndani ya maji ya udongoni, huingia. Mpapai ni dhaifu sana kwa hili: siku mbili za maji yaliyotuama zinatosha kuuua. Mwembe huvumilia zaidi, mnazi zaidi tena.

Usitie maji. Usitie mbolea pia; mzizi usiopumua hauwezi kuila, itabaki kuuchoma. Chimba mfereji wa kutoa maji, ondoa matandazo kwa siku chache udongo upate jua, na kama matunda ni mengi punguza, mti usizidiwe. Mipapai iliyooza mizizi yote haitarudi, na ni afadhali kuing'oa mapema. Kwa mzee tuliokoa minne kati ya kumi na mmoja.

Kwa msimu ujao pima kwanza. Chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, lijaze maji, liache linywe, lijaze tena. Ukirudi kesho yake ukakuta maji bado yamo, hapo usipande mpapai wala mchungwa ardhini sawasawa. Inua tuta la futi moja au zaidi, upande juu yake. Mashamba ya kando ya mto Sabaki yana udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, wakati ya karibu na bahari ni mchanga unaoyapoteza. Ushauri unaomfaa mtu wa Kakuyuni, kule ndani, haumfai wa Mambrui, kando ya bahari, hata wakipanda mbegu ya pakiti moja.

Kwa mchungwa na mlimau, angalia pia penye shina. Wengi hulundika udongo au samadi mpaka juu kwa kudhani wanauimarisha mti. Gome likikaa na unyevu huoza, likatoa gundi. Fukua mpaka uone mizizi ya kwanza inapoachana na shina, pakae wazi.

Majani yamelegea mchana, udongo uko sawa

Nyanya, bilingani, pilipili. Kuna maradhi mawili yanayofanana kwa mbali, na kosa kubwa ni kuyatibu kama moja.

Mmea ukilegea saa saba mchana, jua likiwa kali, na jioni ukainuka, tena umedumaa na majani yamefifia, ung'oe mmoja taratibu kwa jembe. Ukikuta mizizi ina vifundo, imevimba kama tasbihi isiyolingana, hao ni minyoo fundo, ambao wataalamu huwaita nematodi. Hawaonekani kwa macho. Huingia ndani ya mzizi, mzizi huvimba, na mirija ya maji huzibwa. Udongo wa mchanga ni makao wayapendayo, ndiyo sababu bustani zetu za karibu na pwani husumbuka. Ng'oa mizizi yote, usiiache shambani wala kuitia kwenye mboji. Ianike mpaka ikauke kabisa au uichome. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, lowesha udongo kisha uufunike kwa nailoni angavu, kingo zikiwa zimefukiwa, wiki nne mpaka sita. Joto huwaua walio juu. Samadi iliyoiva kwa wingi husaidia pia, kwa kuwa huzalisha viumbe wanaowala.

Mmea ukilegea ghafla ukiwa bado kijani, na jioni usiinuke, hapo fanya jaribio hili. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha shibiri. Tia maji safi kwenye gilasi ya kioo, ushike kipande kwa namna ambayo sehemu iliyokatwa imezama kidogo tu, na utulie. Usitikise. Katika dakika chache, kama ni mnyauko wa bakteria, utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, unanyooka chini ya gilasi pole pole. Uzi ule ni bakteria kwa mamilioni. Mara ya kwanza kuuona niliita watoto wote wa nyumba waje watazame, kwa sababu ni mara chache ugonjwa hujionesha waziwazi namna ile.

Hakuna dawa ya kuuponya mmea huo. Ng'oa na udongo wake wa karibu, safisha jembe, maji ya eneo lile yasitiririkie mengine. Miaka kadhaa usirudishe pale nyanya, bilingani, pilipili wala viazi mviringo. Weka mahindi.

Jambo moja la kando, kwa sababu limewahi kuniumiza roho. Niliwahi kukuta mama mmoja ameng'oa mstari mzima wa kunde, amezirundika moto uwake, kwa kuwa mizizi "ina minyoo." Vile vilikuwa vinundu vya rutuba. Ndani yake mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Tofauti ni rahisi: kinundu cha kunde kimebandikwa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa kidole, ukikipasua ndani ni chekundu au cha waridi. Kifundo cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hakibanduki mpaka uukate. Vinundu vya ndani kijani au kijivu ni vilivyochoka au havifanyi kazi.

Ncha na kingo za majani zimeungua

Huanza kwenye majani makubwa, kingo zinakuwa kahawia na kavu kama karatasi iliyopitishwa motoni. Ukiuliza maji yanatoka wapi, utajibiwa kisimani. Onja.

Ardhi ya pwani ina maji baridi yaliyoelea juu ya maji ya bahari. Maji ya mvua hushuka kwenye mchanga na matumbawe, na kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu. Kule Lamu mji umeishi karne nyingi kwa maji yaliyohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela kwa njia hiyohiyo. Ukiweka pampu ukavuta kwa saa nyingi, tabaka lile la juu hupungua na chumvi hupanda. Asubuhi kisima ni kitamu, alasiri kimegeuka.

Sasa kumbuka jambo la kwanza nililokuomba ulishike. Maji hufuata palipokolea. Maji ya udongoni yakiwa na chumvi nyingi, mzizi hushindwa kuyavuta ijapokuwa umezungukwa nayo. Yale machache yanayoingia hubeba chumvi mpaka mwisho wa njia, ambao ni ukingo wa jani, maji yanapaa, chumvi inabaki na kuunguza.

Watu hutia maji kidogo kidogo kila jioni, nao wanadhani wanauhurumia mmea. Wanaulundikia chumvi, maana maji hupanda hewani na chumvi haipandi. Ukilazimika kutumia maji ya namna hiyo, tia mengi kwa mara moja ili yasukume chumvi chini ya mizizi, kisha subiri. Udongo uwe wa kupitisha maji. Usinyunyizie majani. Tandaza nyasi au makuti makavu kupunguza jua. Teka asubuhi, kipe kisima mapumziko. Mvua ya kwanza ya masika ni dawa kuliko zote, iache ioshe shamba kabla hujatia mbolea. Makumbi ya nazi yaliyozikwa mitaroni kando ya minazi hushika unyevu vizuri sana, lakini yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kamba yaoshe kwanza kwa maji baridi, yamejaa chumvi.

Na chagua mmea. Maharagwe, karoti, vitunguu, michungwa na maparachichi huteseka mapema. Mtende na mnazi hustahimili, na kwa mboga, spinachi na bitiruti zina uvumilivu. Povu la sabuni lisipotoka, hilo ni la chokaa ndani ya maji, si lazima iwe chumvi. Ulimi wako ni shahidi bora.

Kuungua kwa namna hiyohiyo hutokea pia mbolea ya dukani ikimwagwa konzi penye shina. Ni chumvi vilevile. Mizizi mingi inayonywa ya mwembe haiko penye shina, iko mbali nalo, kuelekea ukingo wa kivuli. Mbolea ipelekwe huko, ichanganywe na udongo, maji yafuate.

Majani machanga ya manjano, mishipa imebaki kijani

Ikiwa ni majani ya zamani yaliyogeuka manjano, chakula kimepungua na mmea unahamisha akiba kwenda juu, samadi itasaidia. Lakini ikiwa ni yale machanga ya juu, na mishipa yake imechorwa kijani kama ramani, huo mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma. Cha ajabu ni kwamba chuma kimo udongoni. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe ina chokaa nyingi, na chokaa hukifunga chuma kisiyeyuke, mzizi ukakosa namna ya kukinywa.

Hapa ndipo jivu linapoharibu. Tumezoea kwamba jivu ni mbolea ya kila kitu, na huko bara kwenye udongo wenye asidi jivu lina faida ya kweli. Juu ya matumbawe unaongeza chokaa kwenye chokaa. Angalia pia kama umepanda karibu na nyumba mpya, mahali mafundi walipochanganyia saruji na plasta. Nimewahi kufukua mdimu uliokuwa manjano miaka miwili, nikakuta umekaa juu ya kifusi.

Acha jivu. Jaza shimo kwa mboji na samadi iliyoiva, tandaza majani, ufanye hivyo kila mwaka. Kwa haraka, duka la pembejeo huuza chuma kilichotayarishwa cha kupulizia majani, ila hicho ni cha kupitisha muda. Hakikisha vilevile maji hayatuami, kwa kuwa mzizi uliozama huonesha manjano hayohayo. Ardhi ikiwa ni jabali tupu, panda mtende au mkwaju, uachane na mateso.

Mwembe umekaa miaka na haukui

Hili nitalisema kwa urefu, kwa sababu liliniuma mfukoni na ndilo lililonifanya nianze kitalu changu.

Nilinunua miche kumi ya miembe, mirefu, mizuri, imenifika kifuani, kwenye mifuko midogo. Nilifurahi kupata mikubwa kwa bei ile. Mwaka wa kwanza yote ilikuwa sawa. Mwaka wa tatu minne ilisimama palepale, majani madogo, kila kiangazi inapukutisha. Nikatia samadi, nikatia maji. Mwaka wa tano, upepo wa kusi ukapiga usiku mmoja, asubuhi nikakuta mmoja umelala. Haukuvunjika. Umelala na mizizi yake, na mizizi yenyewe ilikuwa imejizungusha kama kamba ya jahazi iliyokunjwa juu ya sitaha, kwa umbo lilelile la mfuko ambao niliutupa miaka mitano nyuma. Mzizi mmoja mnene ulikuwa umelizunguka shina na kulikaba, gome limebonyea.

Mzizi mkuu wa mwembe unataka kwenda chini, na kwa mwembe mkubwa unaweza kufika mita 6. Ukikuta kitako cha mkebe au cha mfuko, hupinda, huzunguka, na kwa kuwa mizizi ya mti kama huu hunenepa mwaka kwa mwaka, duara lililokuwa la unene wa unyasi huwa la unene wa mkono. Haujinyooshi baadaye. Samaki mkunje angali mbichi, na mzizi nao unyooshe ungali mche.

Ukinunua, usivutwe na urefu. Mche mfupi kwenye mfuko mrefu ni bora kuliko mche mrefu kwenye mfuko mfupi. Ushike shina ulitikise kidogo. Likicheza mfukoni kama jino bovu, mizizi haijashika. Tazama kitako: mizizi minene iliyotoboa na kuzunguka ni onyo. Muuzaji akikukataza kuangalia, nenda kwingine.

Siku ya kupanda, toa mfuko wote. Nimekuta watu wengi wanautoboa tu, wakiamini mizizi itaupasua. Kata sentimita mbili za chini za bonge la udongo kwa kisu kikali, pitisha kisu ubavuni mara tatu kutoka juu kwenda chini, ili mizizi inayozunguka ikatike na kuchipua upya ikielekea nje. Inatisha mara ya kwanza. Mche utasita wiki chache, umwagilie, utapona. Shimo liwe futi mbili kwa kila upande. Na kama ni ardhi ya mawe, pasua kuta za shimo kwa mtaimbo, kwa sababu shimo laini ndani ya jabali ni mkebe mwingine, mkubwa kidogo tu.

Mti wa miaka mitatu ambao tayari umekabwa: fukua penye shina, utafute mzizi unaolizunguka, uukate kwa msumeno mwembamba mwanzo wa mvua. Wakati mwingine hupona. Minne yangu, niliokoa mmoja.

Mgomba umeanguka

Usiulaumu upepo kabla hujaangalia ulipokatikia. Shina likivunjika katikati, huo ni upepo kweli. Ukikatika usawa wa ardhi na tunguu likawa na mashimo kama bomba, ni fukusi wa migomba. Uking'oka mzima, na mizizi iliyobaki ni mifupi, myeusi, imeoza kama vijiti vya moto vilivyozimwa, hao ni nematodi. Unapohamisha chipukizi, limenye tunguu lake mpaka libaki jeupe bila doa, ulitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, si zaidi, kisha upande mahali papya. Hiyo husafisha wote wawili.

Majani mengi, chini hakuna kitu

Kiazi kitamu chenye marando yaliyotanda na viazi vya unene wa kidole kimepewa samadi mno au kimepandwa kivulini. Inua marando mara moja moja, yasiote mizizi kila kifundo na kugawa chakula. Karoti iliyopasuka miguu miwili imekutana na jiwe au samadi mbichi.

Muhogo ni jambo zito zaidi, kwa kuwa ni chakula cha nyumba nyingi huku. Mti unaonekana mzima, pengine majani ya chini yana mabaka ya manjano, unachimba, unapasua, ndani mna madoa makavu ya kahawia kama kizibo. Hayo si maji. Muhogo uliooza kwa maji ni laini na unanuka. Madoa makavu ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, virusi vilivyoelezwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1936, vinavyoenezwa na inzi weupe na, zaidi, na sisi wenyewe tunapogawiana vipando. Aina ya Kibandameno, tunayoipenda kwa utamu, hushikwa kwa urahisi, ile ya Kaleso huvumilia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kimefanya kazi kubwa ya mbegu za pwani, ukiweza tafuta vipando vinavyotoka huko. Ukikata vipando kwako, chimba kwanza mizizi ya mti huo na uipasue. Mti usioonesha ndani yake usiukate mbegu.

Mchwa nao: kiangazi hutafuna vipando na mzizi mkuu wa miche michanga. Majani yote hukauka yakiwa yameshikilia tawi, na mche ukiuvuta hung'oka kama kigingi. Weka unyevu, matandazo yasiguse shina.

Ukuta umepasuka

Mnazi karibu na nyumba usiukate kwa hofu ya msingi. Mizizi yake hainenepi. Hofu nazi. Miti ya jamii ya mkuyu ndiyo adui wa ukuta. Ndege hudondosha mbegu juu ya dari au ufa wa chokaa, mche huotea hapo, huteremsha mizizi mpaka ardhini, na ikifika huanza kunenepa. Nenda Gede, kwenye magofu ya mji uliohamwa karne ya 17, utazame mizizi ilivyokumbatia kuta. Ng'oa mche ukiwa na majani manne, pamoja na mzizi wake wote, uzibe ufa kwa chokaa. Ukichelewa mpaka umekuwa na unene wa mkono, usiuvute, utaondoka na mawe: ukate, uache ufe, kisha uondoe kidogo kidogo na fundi awepo.

Mikoko iliyopandwa inakufa

Vikundi vingi vinapanda mikoko huko Mida, kwenye hori ya bahari karibu na Watamu, na kinachovunja moyo ni kuona miche mia imekauka baada ya miezi mitatu. Tope la mikoko halina hewa kabisa chini ya uso wake, kwa hiyo kila aina imejitafutia njia ya kupumua. Mkoko wenyewe husimama juu ya magongo. Mchu huchomoza vijiti kama kalamu, vikiwa vimetoboka vitundu vya hewa. Muia hukunja magoti. Mlilana hutoa vichomozo vinene kama pembe. Kila moja ina kimo chake cha maji: mlilana huwa mbele kabisa kuelekea bahari, mkandaa nyuma. Ukipanda mkoko mahali pa mlilana, mche utakaa chini ya maji saa nyingi kuliko unavyoweza kushika pumzi.

Sababu ya pili ni mchanga. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mpaka mikoko ya Mwache, Mombasa, ikazikwa mizizi na kufa kwa eneo kubwa. Nenda siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa, utembee chini ya mchu mkubwa. Vijiti vikisimama shibiri juu ya tope, unapumua. Ukiona ncha tu na majani yanapukutika, mchanga umeuzika, na miche mipya usiipeleke hapo. Itafute mahali ambapo tayari mbegu za aina hiyo zimejiotea zenyewe.